Safu Tatu za Kisaju

Tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka wa 2008, tulimpoteza Karani. Wengine walipoteza dada, jirani, na sauti ya pili ya kwaya. Mimi nilipoteza mtu niliyemwonea wivu kwa miaka kumi na minne, na tangu tumzike sijui niuweke wapi wivu huo, kwa maana haukuzikwa naye.

Sitalitaja jina lake. Hata alipokuwa hai sikulitumia. Katika ofisi yetu ya mradi wa mifugo pale Kajiado tulikuwa makarani wawili, mimi na yeye, lakini mtu akisema Karani hakuna aliyegeuka kunitazama mimi. Wachungaji wa Kimaasai walimwita Yeyo, mama. Mimi walinisalimu vizuri, kisha wakaniuliza, "Yeyo yuko?"

Niseme mapema kwamba nilimtangulia. Nilianza kazi pale mwaka 1993, nikitoka Kitengela kila asubuhi, na yeye akaja miezi saba baadaye. Mimi nilifika kidato cha pili. Yeye aliishia darasa la saba huko kwao Ukambani. Hati yangu ilikuwa nzuri kuliko yake. Haya yote niliyahesabu mara nyingi nikiwa nimekaa kituoni Isinya nikisubiri gari la pili, na kila nilipomaliza kuhesabu nilijikuta bado niko chini yake.

Kazi yetu ilikuwa jedwali. Daftari lilikuwa karatasi kubwa tulizozigundisha kwa uji wa ngano mpaka likafunguka upana wa meza mbili. Kila mstari ulikuwa wiki moja. Kila safu, yaani kila kijia kinachoshuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini, ilikuwa na jina lake kichwani. Kila mahali palikuwa na safu tatu: ya mifugo waliokufa wiki hiyo, ya maji, na ya nyasi. Mahali penyewe palikuwa zaidi ya ishirini, kutoka Kitengela hadi kule Namanga, kwa hiyo safu zilikuwa nyingi kama meno ya kitana.

Mimi ndiye niliyezipa safu hizo majina ya kwanza. Niliyaandika kwa wino mweusi, na kwa kuwa sikupenda kurudia neno moja kama kasuku, kila mahali palipata neno lake. Palikuwa na Vifo vya Kisaju, na Isinya Waliokufa, na Mizoga ya Mashuru. Niliona ni lugha nzuri.

Wiki yake ya pili, Karani alisimama mbele ya daftari akiwa ameshika kikombe cha chai. Daktari wa mifugo, mkubwa wetu, alikuwa mlangoni.

"Nani alipatia hizi safu majina?" akauliza.

"Ni mimi."

"Ni majina mazuri," akasema. "Lakini sasa, Mama Ayub, nikisimama hapa niite wafu wote, ni nani ataitika? Huyu anaitwa Vifo, huyu Waliokufa, huyu Mizoga. Kila mtoto na baba yake."

Daktari alicheka. Alicheka kidogo tu, kisha akaenda zake, lakini kicheko hicho ninakikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Kesho yake Karani aliomba ruhusa na akabandika karatasi nyeupe juu ya majina yangu yote. Kanuni yake ilikuwa moja: jina la kwanza ni la kitu, jina la pili ni la mahali. Kufa Kisaju. Maji Kisaju. Nyasi Kisaju. Kisha Kufa Isinya, Maji Isinya, Nyasi Isinya, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa meza.

"Jina si la kupendeza," alikuwa akisema. "Jina ni la kuitikia."

Alikuwa mfupi, mnene kidogo upande wa juu, na alitembea kama mtu anayebeba ndoo hata mikono ikiwa mitupu. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi wa gunia. Ukimwona sokoni ungedhani ni mama muuza maharagwe, na kwa kweli mfuko wake ulikuwa na maharagwe daima, yamechanganyika na funguo, peremende, sindano na risiti za mwaka juzi. Mwanamke aliyeweza kuipata wiki yoyote ya mwaka wowote ndani ya jedwali alishindwa kupata kitambaa cha pua ndani ya mfuko wake mwenyewe. Na majina ya watu hayakumkaa kichwani hata kidogo. Fundi wa maji alikuja kwetu miaka sita, naye akawa anamwita "wewe wa Bisil".

Nilifurahia mapungufu hayo. Niliyakusanya. Jioni nikifika nyumbani nilimsimulia mume wangu jinsi Karani alivyomwaga mfuko wake wote juu ya meza akitafuta kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio lake. Mume wangu, mfanyakazi wa kiwandani asiyekuwa mtu wa maneno mengi, alisikiliza hadi mwisho, akanawa mikono, akasema, "Lakini huyo Karani wenu ako na akili." Sikumpa chai ya pili.

Kadi zake ndizo watu wanazozikumbuka zaidi. Alizikata kwenye boksi la sukari, ndefu kama upana wa daftari, na katika kila moja akatoboa madirisha. Kwa kuwa safu zilifuatana tatu tatu bila kukosea, ukiilaza kadi ya kufa juu ya daftari unaona safu za kufa peke yake, Kisaju, Isinya, Mashuru, zote kwa mpangilio, na mengine yamefunikwa. Ukiilaza kadi ya maji, vivyo hivyo. Alikuwa na nyingine fupi iliyofunua safu tatu za mahali pamoja na kuficha dunia nzima. Daktari akiuliza swali, yeye hakutafuta. Alinyoosha mkono ukutani, akachukua kadi, akaiweka, akasoma.

Kadi ya kufa ilimsumbua. Wazee waliokuja kutoa habari waliiona ukutani, na mmoja aliyejua kusoma akawaambia wenzake imeandikwa nini. Baada ya hapo walikuwa wakisimama nje kwenye upepo badala ya kuingia. Karani aliigeuza ikatazama ukuta, na tangu siku hiyo kila alipoitumia aliirudisha vivyo hivyo, uso ukutani. Mimi ningesema ni ushirikina. Yeye alisema, "Mgeni hawezi kukuambia ukweli na wewe umemwonyesha jeneza."

Tena alijua kuuliza. Mmaasai hapendi kuhesabu mifugo wake kwa sauti, na ukimuuliza wamekufa wangapi atakuambia wachache, hata kama boma zima limelala. Mimi niliuliza hivyo mwaka mzima nikaandika "wachache", nikamlaumu Mmaasai. Karani hakuuliza wangapi hata siku moja.

"Sopa, mzee," alimsalimu mzee wa Kisaju, ambaye alikuja kila Jumatatu na mtungi wa maziwa.

"Ipa, Yeyo."

"Jana jioni ng'ombe wakiingia, ni nani hakurudi?"

Mzee angefikiri, macho yakiwa mbali kama anayewaona wakipita langoni. "Hakurudi narok, yule mweusi wa pembe moja. Hakurudi naibor, yule mweupe wa mke mdogo. Na nanyokie, ile nyekundu nilipewa na shemeji yangu, ililala njiani."

Kwa kila mmoja Karani alikunja kidole chini ya meza. Wakati mzee anaaga, vidole vilikuwa vimehesabu bila kinywa kutamka. "Ashe oleng," alimshukuru, kisha akaandika tatu kwenye Kufa Kisaju. Nilimtazama akifanya hivyo mara mamia, na sikuwahi kumwambia kwamba ni jambo zuri.

Si kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa ujuzi. Ukimwomba kitunguu alikupa viwili, lakini ukimuuliza jambo la kazi alikujibu nusu, nusu akaiweka. Nadhani aliogopa. Mtu wa darasa la saba katika ofisi ya serikali na wafadhili anajua kwamba kiti chake kimesimama juu ya kile anachojua yeye peke yake. Sasa ninaweza kusema hivyo kwa upole. Wakati ule nilimwita mchawi wa karatasi.

Kompyuta ilifika mwaka 2001. Waliosomea mambo hayo walitoka Nairobi, wakatangaza kwamba karani mmoja atapelekwa kufundishwa wiki mbili. Nilikuwa mwepesi wa kupiga taipu. Sikuwahi kutazama vidole vyangu nikipiga, wakati yeye alidonoa herufi moja moja kama kuku anayekula mtama. Nilipiga pasi gauni la bluu. Nikampa jirani funguo za nyumba kwa hizo wiki mbili. Ijumaa Daktari aliita, na aliyeitwa ni Karani.

Aliporudi, tuligawana kazi. Mimi niliingiza takwimu za upande wetu, Kitengela, Kisaju na Isinya, naye akaingiza zilizobaki. Lakini kuchagua, kuita safu fulani zije peke yake ili zichapwe, ilikuwa kazi yake yeye. Aligeuza kiti akaupa mlango mgongo, akafunika kibodi kwa leso, mikono ikiwa ndani kama mtu anayekanda. Kisha katikati ya safu zote, zile za kufa peke yake zikajitokeza kwenye kioo. Zile kadi za boksi zilikuwa bado ukutani, lakini hakuzihitaji tena.

Siku moja nilimpelekea chai makusudi nikaona. Alikuwa ameandika kufa, halafu alama ndogo ya nyota.

"Karani, hiyo nyota inafanya nini?"

"Ni alama tu," akasema, akavuta leso. "Ukiiondoa mashine inakasirika."

Niliondoka nikijua amenidanganya, na nilimhesabia uongo huo kama mtu anayeweka akiba. Ikanichukua miezi mingi. Alipokuwa akitoka saa saba kununua sukuma wiki, nilikaa kwenye kiti chake nikajaribu. Hatimaye nilielewa, na nitaieleza hapa kwa kuwa haikustahili kufichwa. Nyota ni mdomo ulio wazi. Ukiandika kufa halafu nyota baada yake, unaiambia mashine: niletee kila safu ambayo jina lake linaanza na kufa, na linavyoendelea baadaye si shida yangu. Ukianza na nyota halafu Kisaju, unaiambia: niletee kila jina linaloishia Kisaju, hata lianze vipi. Ilikuwa ni kadi yake yenye madirisha, ila imefanywa kwa herufi. Ndiyo maana majina yake yalifanya kazi na yangu yasingeweza. Miaka saba kabla ya kompyuta kufika, mwanamke wa darasa la saba alikuwa ameyapanga majina jinsi kompyuta itakavyoyataka.

Mtu mwema angeshangilia. Mimi nilikaa pale nikihisi kama nimekunywa siki.

Sasa nifike mahali ninapoogopa.

Mwaka 2005 mvua haikuja. Mwishoni mwa mwaka huo nyasi zilikuwa zimeisha kabisa, na ng'ombe walikuwa wakifika hadi kando ya maduka ya Kitengela kutafuna makaratasi. Wafadhili walisema wana marobota ya nyasi kavu, malori mengi, na wanataka kujua wapi pana hali mbaya zaidi. Wageni wangekuja Jumatano. Karani angeita safu za kufa mbele yao, karatasi ichapwe, na malori yafuate karatasi hiyo.

Jumanne, Karani alipotoka kununua sukuma, nilifungua jedwali nikabadilisha majina ya safu tatu za Kisaju. Zilikuwa zangu, mimi ndiye niliyeziingiza, nilijiambia nina haki. Kufa Kisaju niliigeuza ikawa Kisaju Kufa. Maji nayo, na nyasi nayo. Sikugusa nambari hata moja. Nilichagua Kisaju tu, kwa kuwa nilitaka kosa dogo. Nilikuwa nimelipanga lote: Karani ataita kufa na nyota, Kisaju haitakuja, Daktari atauliza mbele ya wageni Kisaju iko wapi, yeye atababaika, na mimi nitasimama niseme, "Daktari, niruhusu nijaribu." Nilikuwa nimevaa lile gauni la bluu.

Wageni walikuja. Karani aliandika kufa, akaweka nyota. Safu zikaja kwa mpangilio wao, zikapangana vizuri, karatasi ikatoka. Wakaikunja, wakashukuru, wakaenda.

Hakuna aliyeuliza. Jambo hili sikuwa nimelijua, na sitalisahau: safu isiyoitika haiachi pengo. Zilizobaki zinasogeleana, na macho yanaona ukurasa uliojaa.

Ningeweza kusema saa hiyo hiyo. Ningeweza kusema Alhamisi. Nilijiambia nitasema Ijumaa. Jumatatu iliyofuata gari letu lilisimama kando ya barabara ya Namanga pale Kisaju asubuhi, na malori yakanipita yamejaa nyasi mpaka juu. Kisaju iko njiani kabisa. Watu walikuwa wamesimama pale na mikokoteni na punda, kwa sababu walikuwa wamesikia nyasi zinakuja. Malori hayakupunguza mwendo. Nyasi kidogo zilianguka kwenye lami, na wanawake wakaziokota.

Mzee wa Kisaju hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Wiki ya tatu alikuja bila mtungi. Tulikuwa mimi na Karani chumbani, mimi nikiwa kwenye kompyuta tayari kuandika.

"Sopa, mzee. Jana jioni, ni nani hakurudi?" Karani akauliza.

"Yeyo," mzee akasema, "leo uliza aliyebaki."

Karani hakukunja kidole. Alimwinamia mzee kichwa kama wanavyofanya watoto wa Kimaasai mbele ya wazee, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi aliniomba kiti. Aliandika nyota, kisha Kisaju, akiziita zote zinazoishia hapo. Hakikuja kitu. Akafungua orodha ya majina yote, akaishusha polepole kwa kidole chake cha kudonolea, mpaka akafika.

Alinitazama. Miwani yenye uzi wa gunia ilikuwa imeteleza hadi ncha ya pua.

"Mama Ayub," akasema, "enda ulete chai."

Nilipoleta chai hakuwa mezani. Alikuwa kwa Daktari, na mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amebadilisha majina ya safu bila kuangalia, kwamba ameita bila kuhesabu zilizokuja, na kwamba malori ya pili yaanzie Kisaju. Daktari alipiga kelele. Sikuwahi kumsikia akimpigia Karani kelele. Nilisimama na vikombe viwili mpaka vikapoa.

Malori ya pili yalianzia Kisaju. Kwa mzee yalifika yakiwa yamechelewa.

Karani aliondolewa kwenye jedwali akapelekwa stoo kuhesabu chupa za dawa. Kiti chake nilipewa mimi.

Nilikikalia. Nataka hilo lijulikane. Nilikalia kiti hicho na nikapokea pongezi, na watu wakaanza kuniita Karani. Tena wivu haukuisha. Wazee walikuwa wakiingia, wananiona, wanasalimu, halafu wanazunguka nyuma kwenda stoo kukaa na Yeyo juu ya makreti. Nilisikia wakicheka huko. Wiki moja baada ya kuhama alinitumia kikaratasi kupitia kwa mlinzi: "Kwanza hesabu mahali. Kisha ita. Kisha hesabu zilizoitika. Zikipungua usichape." Hapakuwa na neno lingine. Bado ninafanya hivyo, na kila ninapofanya hukasirika kidogo, kwa sababu ni sahihi.

Alistaafu mwaka 2006 akaenda kuishi na dada yake Embulbul, karibu na Ngong. Sikwenda kumuaga. Nilisema nina homa.

Mwaka 2007 nilienda Kisaju kwa miguu kutoka barabarani nikamtafuta yule mzee. Alikuwa amebaki na mbuzi. Nilimweleza yote, majina, nyota, gauni la bluu. Mke wake aliniletea maziwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaningoja nimalize kikombe, kisha akasema, "Umesema. Sasa usirudi hapa." Nilienda zangu. Sijarudi.

Mwishoni mwa Julai 2008 nikasikia Karani ni mgonjwa na hatainuka. Nilienda Embulbul Jumamosi mchana. Upepo wa vilima vya Ngong ulikuwa unapiga mabati. Dada yake alinipeleka chumbani akatuacha. Karani alikuwa amebaki mdogo kama mto wa kitanda, lakini miwani ilikuwa palepale, na uzi ulikuwa mpya.

"Umenona," akaniambia. "Kiti kizuri hicho."

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njia nzima. Yalitoka vibaya, ya mwisho mbele. Nilimwambia ni mimi niliyegeuza safu za Kisaju, na kwamba nilitaka aaibike.

"Najua," akasema. "Niko na kitabu. Angalia chini kabisa ndani ya mfuko."

Mfuko ulikuwa ule ule. Nilitoa maharagwe, nikatoa funguo zisizo na kufuli, nikafika kwenye daftari dogo la shule. Lilikuwa la majina: jina la zamani, jina jipya, siku lilipobadilika, na aliyebadilisha. Hakuwahi kuniambia analo. Kila badiliko la miaka yote lilikuwamo. Kwenye ukurasa wa karibu na mwisho palikuwa na mistari mitatu ya Kisaju, na kwenye nafasi ya aliyebadilisha palikuwa na sahihi yake, mara tatu.

"Miaka yote ulisema mtu asidanganye ndani ya daftari la kazi," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa kali. Hata hapo nilimwonea wivu, kwamba hata uongo wake ulikuwa mkubwa kuliko ukweli wangu.

"Nilisema."

"Basi kwa nini?"

Alivuta pumzi mara kadhaa. "Usifikiri nilikuokoa. Mimi niliita bila kuhesabu. Na ile nyota nilikuficha. Ningekufundisha, ungekuwa unanichungulia kwa nini?" Akapandisha miwani. "Nilikuwa naogopa hivyo vidole vyako. Ukipiga taipu nilikuwa nasikia kama mvua kwa mabati ya jirani. Kwangu hainyeshi."

Kwa miaka kumi na minne niliudhani wivu ni wangu peke yangu.

"Yule wa Kisaju ulimwambia?" akauliza.

"Nilimwambia. Akasema nisirudi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea hesabu iliyo sawa. Kisha akaelekeza kidole kwenye daftari.

"Sahihisha."

"Karani, ni mambo ya zamani."

"Mama Ayub, nitaondoka na hiyo mistari iko hivyo? Sahihisha."

Nilitafuta kalamu ndani ya mfuko, haikuwapo. Ilikuwa nyuma ya sikio lake. Niliichukua polepole, nikaweka daftari juu ya goti. Nikakata sahihi yake ya kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika jina langu pembeni. Nikakata ya pili, nikaandika. Ya tatu pia. Hati yangu haikuwa nzuri siku hiyo.

Nilimpa. Alilileta karibu kabisa na miwani, akapitisha kidole.

"Hesabu," akasema.

"Tatu."

"Na tarehe je?"

Nilichukua daftari, nikaandika tarehe.